Mahari ya Wasichana Maskini wa Roma

Mutu akiingia katika kanisa la Santa Maria sopra Minerva, katika muji wa Roma, na akifuata upande wa kuume, ataona picha ya Bikira Maria akipashwa habari. Muchoraji ni Antoniazzo Romano, naye aliifanya karibu na mwaka 1500. Malaika Gabrieli yuko, Mungu Baba yuko juu, yote kama desturi. Lakini Bikira Maria hamwangalii malaika. Amegeuka upande wa pili, anawapa kifuko cha feza wasichana watatu wenye nguo nyeupe, waliochorwa wadogo kama watoto. Karibu nao muzee mumoja amepiga magoti. Ni Kardinali Juan de Torquemada, wa shirika la Mutakatifu Dominiko. Yeye ndiye anayewaleta. Je, feza inatafuta nini katika picha ya fumbo kubwa namna hii?

Kwa kufahamu jambo hili inafaa kwanza tuweke pembeni desturi yetu. Kwetu jamaa ya kijana ndiyo inayopeleka mali kwa wazazi wa binti. Katika Italia ya zamani ilikuwa kinyume: baba ya binti ndiye aliyetoa mahari, nayo ilimufuata binti katika nyumba ya mume. Kwetu baba mwenye mabinti wanne anangoja mbuzi. Baba yule wa Roma alihesabu madeni manne. Binti asiye na mahari, nani atamuoa? Hata mulango wa konventi haukufunguka bure, kwani watawa nao walidai mahari, ijapokuwa ndogo zaidi. Yatima ao binti wa mujane alibaki na nini? Utumishi katika nyumba za watu, ao barabara.

Wakristu waliijua hatari ile tangu zamani. Masimulizi ya Mutakatifu Nikola, askofu wa Mira, yanasema alitupa zahabu usiku katika nyumba ya baba mumoja maskini, mara tatu, kwa ajili ya mabinti watatu, bila kutaka kujulikana.

Kardinali Torquemada alitaka kazi ile isingoje mutu mumoja mwema apite usiku. Mwaka 1460 aliunda katika kanisa la Minerva chama cha Wakristu, kwa jina la Annunziata, maana yake Bikira aliyepashwa habari. Kazi yake ilikuwa kuwapa mahari wasichana maskini. (Wengi wanalijua jina la Torquemada kwa ajili ya Tomás, muhukumu yule mukali wa Hispania. Tomás alikuwa mutoto wa ndugu yake. Tusiwachanganye.)

Tuna bahati ya kujua mambo yalivyokwenda. Mwaka 1581 mwandishi Mufaransa Michel de Montaigne alikuwa Roma, akaiona sherehe na kuiandika katika daftari ya safari yake. Papa Gregori XIII alikuja Minerva na fahari yake yote. Wasichana walikuwa 107, kila mumoja pamoja na bibi muzee wa jamaa yake. Nyuso zao zilifunikwa kitambaa, macho tu yalionekana. Walipita mumoja mumoja, wakabusu muguu wa Papa, naye akawabariki, akampa kila binti kwa mukono wake kifuko cheupe. Ndani ya kifuko hamukuwa feza. Mulikuwa karatasi. Binti alipopata mume, aliipeleka karatasi ile, ndipo alipolipwa skudi 35. Nguo nyeupe ya siku ile, yenye bei ya skudi 5, ilikuwa yake vilevile.

Naona waliobuni karatasi ile walizijua nyumba za maskini. Feza ikitolewa leo, kesho mwenye duka atakuja kudai deni la baba, na binti atarudi mikono mitupu. Lakini karatasi ileile ilimufunga binti: hakuna ndoa wala utawa, hakuna feza.

Na majina, nani aliyachagua? Hapa ndipo pagumu. Vyama vya namna ile vilitaka binti awe maskini na mwenye sifa njema. Watu wa chama walitembelea nyumba, wakauliza paroko, wakauliza majirani. Neno moja la jirani mwenye wivu liliweza kuharibu yote. Tena sadaka ilimutafuta yule aliye karibu kuanguka. Yule aliyekwisha kuanguka, ao aliyeangushwa kwa nguvu, hakuandikwa. Sisi wa Kivu tusiwacheke watu wa Roma. Tangu vita ya 1996 tunao wasichana wengi waliotendewa ubaya na wenye silaha, na maneno ya majirani tunayajua. Katekista anapoandika orodha ya watakaosaidiwa masomo, jina la binti namna ile analiweka wapi?

Katika Roma ileile Mutakatifu Inyasi wa Loyola aliwatazama walioachwa nje ya orodha. Konventi ya wanawake waliotubu ilikuwako, lakini mwenye kuingia alipaswa kuwa mutawa maisha yote. Mwenye mume afanye nini? Asiye na wito afanye nini? Inyasi alitaka nyumba nyingine, na watu wakubwa wakaisifu shauri yake, lakini hakuna aliyetaka kuanza kutoa. Siku zile mafundi walikuwa wamechimbua mawe ya zamani mbele ya nyumba ya Wajesuiti. Inyasi akaagiza yauzwe kwa kupata feza 100 za kwanza, akasema kama hakuna anayetaka kuwa wa kwanza, basi wamufuate yeye. Hivi ilianza nyumba ya Santa Marta, mwaka 1543. Humo mwanamuke alichagua mwenyewe: kurudi kwa mume wake, kuolewa, ao kuwa mutawa. Inyasi alikubali hata kutembea nao katika barabara akiwapeleka. Walipomwambia anapoteza kazi yake, kwa sababu wengi watarudia zambi, alijibu kwamba akizuia zambi ya usiku mumoja tu, taabu yake imelipwa. Kisha wenzake walisimamia pia nyumba ya Santa Caterina, kwa ajili ya mabinti wa wanawake wale. Humo walilelewa, na wakiisha kukua walipewa mahari.

Annunziata iliendelea kutajirika. Papa Urbano VII, aliyechaguliwa tarehe 15 Septemba 1590 na kufa tarehe 27 ya mwezi uleule, aliiachia mali yake, na kaburi lake liko katika kikanisa kilekile cha picha. Mwaka 1870 serikali ya Italia ilitwaa Roma, na sheria ya mwaka 1890 iliweka kazi za sadaka chini ya serikali. Mahari yenyewe iliondolewa katika sheria ya Italia mwaka 1975.