Ukungu Unaokula Magogo

Leo weka jembe chini kidogo, tulitazame lile gogo lililolala kando ya shamba lako. Zamani lilikuwa gumu, hata shoka lilidunda. Sasa ukilipiga teke linamomonyoka. Nani amelila? Mchwa? Ndiyo, naye ana sehemu yake. Lakini palipo na unyevu mlaji mkubwa ni ukungu. Ule uyoga unaouona juu ni tunda lake tu. Ukungu wenyewe umo ndani ya mti, nyuzi nyembamba kuliko unywele.

Wataalamu wengi wa kale walidhani kwamba mti huoza kwanza, kisha uozo ndio huzaa uyoga. Aliyeligeuza jambo hilo ni Mjerumani Robert Hartig. Katika vitabu vyake vya mwaka 1874 na 1878 alionyesha kwamba nyuzi za ukungu huingia kwanza, na kuoza hufuata.

Swali likabaki: ukungu huulaje mti? Ndani ya mti mna kitu kiitwacho lignini, kinachoushikamanisha kama saruji inavyoshika mawe. Viumbe wengi hushindwa kukivunja. Mwaka 1983, huko Marekani, vikundi viwili vya watafiti, kila kimoja kwa upande wake, viligundua kwamba ukungu uitwao Phanerochaete chrysosporium hutoa kimeng'enya kinachovunja lignini. Tena ukungu huu hauchagui sana chakula. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan waliupa sumu ya DDT, nao ukaanza kuivunja.

Je, basi tumwage dawa ovyo, uyoga utatusafishia? Hapana, ndugu! Kazi ile ilifanyika katika chupa za maabara, na baada ya wiki kadhaa ni sehemu ndogo tu ya DDT iliyokuwa imevunjwa kabisa. Shambani mambo ni magumu zaidi. Wala usichume uyoga uliomea mahali palipomwagika dawa.

Faida yako iko kwenye mabua. Ukungu unapoyala huhitaji naitrojeni. Ukifukia mabua makavu au vumbi la mbao leo, kesho ukapanda mahindi, ukungu utaichukua naitrojeni ya udongo na mahindi yatageuka manjano. Ukiyachoma moto, naitrojeni nyingi hupaa na moshi. Sasa ufanyeje? Tengeneza lundo la mboji: tabaka la mabua yaliyokatwakatwa, tabaka la majani mabichi, tabaka la samadi. Mwagilia maji, funika, geuza mara kwa mara. Ikiwa nyeusi na inanukia udongo, peleka shambani.

Basi ukiona uyoga juu ya gogo, ujue huyo ni kibarua asiyedai mshahara. Mpe samadi na maji, umwache afanye kazi. Kwaheri, ndugu mkulima.