Mahema Katika Nchi ya Waha

Ndugu msomaji, neno safari ni letu. Tulilipata kwa Waarabu, tukalifanya la kwetu, na katika karne ya 19 Wazungu wakalichukua kutoka vinywani mwa wapagazi wa Mrima na Unguja. Leo mtu wa London au New York akilitamka neno hilo hafikirii kupanda chombo kwenda Pemba kumzuru shangazi yake. Yeye huona hema kubwa la turubai lenye kitanda cha mbao, zulia, taa, na maji ya moto ya kuogea, na mtumishi aliyesimama nje na chai kabla jua halijatoka. Mbele ya hema hilo huliona bwawa la matete, ndege na nyati. Nataka nikupeleke hadi kwenye bwawa moja la namna hiyo, kwani wazee wetu walipita jirani yake kabla ya mtalii yeyote, nao pia walikuwa na mahema.

Mto Malagarasi unaanzia katika nyanda za juu za mpakani mwa Burundi, unapita katika nchi ya Waha, yaani Kibondo na Kasulu za leo, kisha unateremka na kumwagika katika tambarare kubwa upande wa mashariki. Huko unakutana na mto Moyowosi na mito mingine, na kwa pamoja inafanya kinamasi ambacho mgeni hawezi kujua wapi ni mto na wapi ni nchi kavu. Yako mafunjo marefu kuliko mtu, na maziwa madogo kama Sagara na Nyamagoma. Yuko nzohe, mnyama wa jamii ya swala mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea topeni, na yuko korongo-nyangumi, ndege wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mtu mzima. Baada ya hapo mto unageuka kuelekea magharibi, unapita Uvinza penye chumvi, na kuingia katika Ziwa Tanganyika.

Misafara ya pwani iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora kwenda Ujiji ilikuwa lazima iuvuke mto huu. Aliyetawala kivuko aliitwa mtwale, kwani kwa Waha mfalme ni mwami na walio chini yake ni watwale. Bila ya kumridhisha yeye hapana mtumbwi. Richard Burton na John Speke walivuka hivyo wakafika Ujiji mwezi wa Februari 1858, na aliyekuwa pamoja nao ni Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa angali mtoto, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi Unguja akiwa mtu huru. Bombay alikwenda tena na Speke, akaenda na Stanley mwaka 1871, kisha akaenda na Cameron hadi pwani ya Atlantiki. Vitabu vyasema Wazungu hao walivumbua. Yeye aliyeijua njia na lugha husemwa alikuwa mtumishi wao, na Stanley ameandika mwenyewe, bila haya, jinsi alivyompiga.

Huyo Stanley alipofika Malagarasi alilipa nguo kwa mkuu wa nchi, akalipa tena kwa wenye mitumbwi. Punda wake mmoja, aliyeitwa Simba, alifungwa kamba shingoni avushwe kwa kuogelea, akachukuliwa na mamba katikati ya mto. Akaingia Uha, na huko akatakiwa hongo tena, doti kwa doti. Alipoona kuwa mbele kuna wakuu wengine wanaomngoja, alimlipa mtu wa kumwongoza, akawatoa watu wake usiku kimyakimya, wakapita porini pasipo njia ili wasionekane. Kwa macho yake hongo ile ilikuwa unyang'anyi. Lakini fikiri, msomaji: mtu anaingia nchi ya watu na bunduki na mizigo ya thamani, anakunywa maji yao na kutumia mitumbwi yao, na haki ya mwenye nchi inaitwa wizi! Leo mgeni anayekwenda kuwinda Moyowosi hulipia kibali, na kila mnyama kwa bei yake, na hapana anayesema ameibiwa. Tofauti ni kwamba fedha hizo zinakwenda serikalini, na sehemu yake hurudi katika halmashauri za wilaya, wala si kwa mtwale wa kivuko.

Na sisi tusijifiche nyuma ya makosa ya Stanley. Tumezoea kuisimulia Ujiji kwa fahari: Mwinyi Heri, mtu wa Mrima aliyekuwa mkubwa wa mji, na Muhammad bin Khalfan, yaani Rumaliza, aliyetoka Lindi, misikiti, minazi, na Kiswahili kilichofika hadi Kongo. Hayo ni kweli. Walakini katika kivuko hichohicho walivushwa pia wanaume, wanawake na watoto wa Manyema waliotekwa, wakiletwa pwani pamoja na pembe za ndovu. Hema lilikuwa la bwana. Mpagazi aliyelibeba kutwa nzima alijijengea kibanda cha majani jioni na kulala humo. Dini yetu imemtaja mpita njia kuwa miongoni mwa wanaostahiki zaka, nasi twapenda kukumbuka hivyo tunapokuwa sisi ndio wapita njia. Wale waliofungwa minyororo nao walikuwa njiani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo matangazo ya safari hayalisemi. Mgeni huambiwa kuwa pori lile ni la tangu na tangu, halijaguswa na mtu. Si hivyo. Waha walikuwa wafugaji wa ng'ombe wa pembe ndefu, na wakulima, na falme zao za Heru, Muhambwe na Buyungu zilikuwa na watu wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliwaangamiza ng'ombe. Pasipo ng'ombe na majembe vichaka vikaota, na pamoja na vichaka wakaja ndorobo, na pamoja na ndorobo malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliona dawa ni kuwaondoa watu walioishi wametawanyika katika sehemu za ndorobo na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, Kibondo ikiwa mojawapo. Hapana shaka wako waliookoka na malale kwa njia hiyo. Lakini mashamba yao ya zamani, makaburi ya wazee wao na mizinga yao ya nyuki vilibaki nyuma, na pori likavifunika.

Reli ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, na Mwingereza aliifanya Uha kuwa ghala la vibarua. Hapa ndipo habari hii inapotugusa tena sisi wa pwani. Wenzetu wa Tanga na Pangani wanawakumbuka Waha waliokuja kwa mkataba kukata mkonge, wakiitwa manamba. Baada ya 1944 walikuwa wakikusanywa na ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa Silabu. Wengi wetu tuliwadharau kwa Kiswahili chao. Hatukuuliza mtu anawezaje kuacha nchi yenye mito na asali kuja kuchomwa na miiba ya mkonge wa mtu mwingine.

Nchi iliyobaki tupu haikukaa bure. Uwindaji wa watalii ulipigwa marufuku Tanzania mwaka 1973, ukafunguliwa tena 1978 chini ya shirika la serikali, na mwaka 1981 Moyowosi ikatangazwa kuwa pori la akiba. Baadaye vitalu vikakodishwa kwa makampuni. Mwaka 2000 eneo zima la Malagarasi na Moyowosi, hekta 3,250,000, likaandikwa katika mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, nalo lilikuwa la kwanza Tanzania. Unguja na Pemba zote mbili zingeingia humo zaidi ya mara kumi. Sisemi kuwa ulinzi huo ni mbaya. Kinamasi kile ni kama sifongo: hunywa mvua na kuiachilia polepole, na samaki wanaouzwa vijijini huzaliwa humo. Nasema tu kwamba mwenye hema la zulia, aliyefika kwa ndege ndogo na kulipa maelfu ya dola, anauziwa upweke ambao wengine waliulipia kabla yake.

Na upande wa pili wa wilaya hizohizo kuna mahema mengine. Rais Ndadaye wa Burundi alipouawa mwezi wa Oktoba 1993, watu walimiminika kuvuka mpaka. Zikaota kambi: Mtendeli, Nduta na Kanembwa upande wa Kibondo, Mtabila upande wa Kasulu, na mwaka 1996 Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vyao. Iko na kambi iliyopewa jina la Muyovosi, jina la mto uleule wa wawindaji. Mwaka 2015 Burundi ilipoingia tena katika fitina, Nyarugusu ilipita watu 150,000, na Nduta, iliyokuwa imefungwa, ikafunguliwa upya. Turubai lao lilikuwa jeupe, lenye maandishi ya Umoja wa Mataifa. Familia nzima ililala chini ya moja, mvua za Uha zikipita chini ya mikeka.

Wenyeji wa Kibondo na Kasulu, masikini wao wenyewe, waliwapokea watu hawa. Lugha yao na Kirundi ni ndugu. Walielewana bila mkalimani. Ugomvi ulikuja baadaye, juu ya kuni na mashamba, na wanawake waliokwenda kuokota kuni ndio walioumia zaidi. Ukarimu tuliofundishwa ni wa siku tatu. Huu ulikwenda miaka zaidi ya thelathini, na hapana gazeti lililousifu kama linavyosifiwa hema lenye bafu.

Mkimbizi aliwekewa sheria: asitoke zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi bila kibali. Mwindaji yule ana kitalu cha maelfu ya kilomita za mraba. Msimu wake unaanza Julai, njia zikiwa zimekauka. Mvua zikirudi magari hayapiti tena, na mahema hukunjwa yakapelekwa ghalani. Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa 2021, watu wake wakapakiwa na kuhamishiwa Nduta. Nyarugusu wapo waliozaliwa humo, wakaoana humo na kupata watoto humo, nao hawajapata kuuona Malagarasi.