Elimu maalumu kutoka milima ya Suji: wajibu wa mzazi umetangulia, haki yake bado

Shule iliingia Upare Kusini pamoja na misheni. Wamisionari Wasabato kutoka Ujerumani walifungua kituo chao cha kwanza Giti mwaka 1903, na baadaye Suji nayo ikawa na misheni na shule zake. Tangu hapo wananchi wa milima hii hawakukaa kuingoja serikali iwajengee. Walitoka kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, wakapandisha mawe na mchanga mlimani hadi darasa likasimama. Kwa hiyo ni jambo zito kwamba mzazi huyohuyo, mtoto wake akiwa kiziwi, haoni au ana ulemavu wa akili, hana utaratibu thabiti wa kusikilizwa panapoamuliwa mtoto asome wapi na afundishwe vipi. Umaskini na ugumu wa njia vimechangia, lakini mzizi uko katika historia: kwa miongo mingi elimu maalumu nchini imemtwisha mzazi wajibu bila kumpa sauti.

Elimu hiyo ilianza kama kazi ya huruma. Waanglikana walifungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Mwaka 1963 Walutheri walianzisha ya Irente, Lushoto, na mwaka huohuo Wakatoliki wakaanzisha ya viziwi Tabora. Shule hizo zimewafungulia wengi maisha na zinastahili heshima. Ila zilikuwa chache, tena za bweni. Familia ya mlimani ilimuaga mtoto na kumpokea likizoni, na kwa kuwa nafasi yenyewe ilikuwa msaada, mzazi alijiona ni mtu wa kushukuru tu. Swali la namna mtoto anavyofundishwa lilibaki kwa wenye shule.

Mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977 na Sheria ya Elimu ya 1978 viligeuza huruma kuwa amri: mtoto akitimiza miaka 7 aandikishwe, na mzazi asiyehakikisha hilo awajibishwe kisheria. Amri ilifika vijijini kabla ya mwalimu wa lugha ya alama na mashine ya breli. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, iliyotungwa baada ya Tanzania kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ilipiga hatua kubwa. Ilitambua haki ya mtoto kusoma katika mazingira jumuishi, ikaagiza kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji. Mtoto akapata haki, jambo jema kabisa. Lakini haki ya mtoto wa miaka 7 hudaiwa na mtu mzima, na huyo hakuwekewa njia iliyo wazi ya kuona matokeo ya upimaji, kushiriki kupanga mafunzo, na kupinga uamuzi asioridhika nao.

Marekani iliunganisha haki ya mtoto na sauti ya mzazi mapema. Wazazi wa Pennsylvania walikwenda mahakamani kutetea watoto wenye ulemavu wa akili waliofungiwa milango ya shule, na kesi yao ikafikia suluhu mwaka 1972. Sheria ya nchi nzima ya 1975 ikataka kila mtoto mwenye ulemavu awe na mpango wake wa maandishi, mzazi awemo kikaoni, na akipinga asikilizwe na mtu asiye na upande. Kuna watakaosema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Kweli, walimu na vifaa vinahitaji fedha, na ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka haiwezi kubeba mzigo huo. Lakini kumwita mzazi kikaoni, kuandika makubaliano na kumpa nakala kunagharimu karatasi na saa moja.

Wengine husema wazazi wenyewe huwaficha watoto. Wapo wanaofanya hivyo, na ni kosa. Lakini mzazi anayejua kwamba akimtoa mtoto atapewa amri tu, bila jibu, ana sababu ya kusita. Wapare wanajua kwa historia yao ubaya wa amri isiyo na sauti yao: mwaka 1945 maelfu waliteremka hadi Same kupinga mbiru, kodi iliyotaka kila mtu akadiriwe mali yake. Hawakukataa kulipa kodi. Walipinga utaratibu wa kukadiriwa ambao haukuwa na ridhaa yao. Na wanaosema mtoto kiziwi hunufaika zaidi katika shule ya viziwi, kama ile ya Mwanga, wana hoja nzito, kwa kuwa lugha ya alama hukua miongoni mwa wanaoitumia. Hoja hiyo inadai mzazi aelezwe faida za kila njia kabla ya kuchagua.

Halmashauri ya Wilaya ya Same inaweza kuanza bila kungoja sheria mpya: kila kamati ya shule iwe na mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, kila upimaji uishie kwa mpango uliosainiwa na pande zote, na malalamiko yapewe muda maalumu wa kujibiwa na afisa elimu. Wazazi waliojenga madarasa ya Suji kwa msaragambo wamethibitisha kitambo kwamba wanaweza kubeba wajibu. Sasa wapewe haki inayolingana nao.