Kupima Moyo Wenye Vali Mbovu: Historia Fupi ya Vipimo vya Picha na Uteuzi wa Wagonjwa Kigali

Makala haya yanafuatilia jinsi vipimo vya picha vilivyopata mamlaka ya kuamua ni nani afanyiwe upasuaji wa vali nchini Rwanda. Hoja yake ni kwamba kipimo hakiwezi kusifiwa wala kulaumiwa bila kwanza kujua kiliulizwa swali gani.

Eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, ilionesha ukubwa wa moyo lakini si kazi yake. Katheta, ambayo Werner Forssmann alijiingiza mwenyewe mwaka 1929, ilipima shinikizo, ila kwa kupenya mwilini. Oktoba 1953, mjini Lund, Inge Edler na Hellmuth Hertz waliuelekeza moyo mashine ya mawimbi ya sauti iliyokusudiwa kukagua kasoro za vyuma. Ugonjwa uliomshughulisha Edler ni ule ule unaotibiwa katika kliniki zetu leo: vali ya mitrali iliyosinyaa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Liv Hatle na wenzake wa Norwei walionesha kuwa mbinu ya Dopla inaweza kukadiria ukali wa msinyao huo bila katheta.

Rwanda iliirithi teknolojia hiyo katika mazingira ya uhaba. Timu za wapasuaji kutoka nje, Team Heart ya Boston ikiwamo tangu 2008, zilikuja Hospitali ya King Faisal kwa vipindi vifupi. Wagonjwa wengine walipelekwa Khartoum, katika Kituo cha Salam kilichofunguliwa 2007. Nafasi zilikuwa chache kuliko wahitaji, na aghalabu picha ya eko ndiyo iliyopanga foleni. Wakati huohuo, katika hospitali za wilaya kama Rwinkwavu na Kirehe, wauguzi walifunzwa kutambua kwa macho mambo machache tu, yakiwamo msukumo wa moyo ulio chini ya asilimia 40 na msinyao wa mitrali. Kwa maoni yangu, huo ulikuwa uamuzi wa busara: ulilenga kuchuja wenye moyo kushindwa, si kupanga siku ya upasuaji.

Tatizo huanza pale tarakimu hiyo inapohamishiwa kwenye vali inayovuja. Tuchukue mfano. Ventrikali ya kushoto ina mililita 200 za damu, nayo inabakiza 80. Imetoa 120, yaani asilimia 60, na msomaji wa ripoti ataridhika. Lakini ikiwa 60 kati ya hizo zimerudi kwenye atiria, mwili umepata 60 pekee. Vali ikirekebishwa, mlango huo mwepesi hufungwa na udhaifu uliofichika hujitokeza. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa huhesabu asilimia 60 au chini yake kuwa dalili ya hatari katika mvujo mkali wa mitrali. Anayengoja 40 amechelewa sana.

MRI hupunguza utata huu. Hupima ujazo kwa vipande bila kukisia umbo la ventrikali, kisha mvujo hupatikana kwa kutoa damu iliyopita kwenye aota. Hata hivyo, mapigo yasiyo na mpangilio, yanayowapata wengi wenye msinyao wa mitrali, huharibu picha zake. Na mgonjwa anayehema hawezi kulala chali akizuia pumzi. Mwendo wa vali wenyewe huonekana vizuri zaidi kwa eko. Nafasi halali ya MRI, basi, ni pale vipimo vya eko vinapopingana na dalili.

Tahadhari hiyohiyo yafaa kwa takwimu za jamii. Utafiti uliochapishwa 2007 ulikuta Msumbiji watoto 2.3 kwa kila 1,000 kwa uchunguzi wa kawaida, lakini 30.4 kwa eko. Gasabo, kwa vigezo vya Shirikisho la Moyo Duniani vya 2012, ilipatikana 6.8. Haifai kudai kuwa Kigali ina nafuu kuliko Msumbiji: vigezo vilivyotumika si vilevile.

Mwaka 2021 miongozo ya Ulaya ilishusha kikomo cha kipenyo cha ventrikali mwishoni mwa mkazo, kutoka milimita 45 hadi 40. Vikomo hivyo vilitokana zaidi na wagonjwa wazee wa nchi tajiri wenye vali zilizochakaa. Wagonjwa wa Kigali aghalabu ni vijana, baadhi yao wenye miili midogo, ambao kwao milimita 40 zaweza kuwa nyingi mno.