Chuma kilichopozwa kwa majitaka

Sisi waandishi tukigusa viwanda na majitaka, huwa tunaandika faini, kesi na samaki waliokufa. Leo twende Baltimore, Marekani, kwenye kiwanda kilichonunua majitaka ya jiji.

Ni kiwanda cha chuma cha Sparrows Point, kilichochukuliwa na Bethlehem Steel mwaka 1916. Chuma kinakunywa maji jamani! Kikitoka kwenye tanuri lazima kipozwe, kioshwe magamba, na mitambo nayo ipozwe. Maji yalitoka visimani. Wakavuta, wakavuta, mpaka maji ya chumvi yakaanza kupenya ardhini na kuingia kwenye visima (waliochimba visima pwani ya Dar wanaujua mchezo huu). Chumvi na mitambo haviivi chungu kimoja.

Hapo ndipo anaingia Abel Wolman, mhandisi ambaye mwaka 1919, pamoja na mkemia Linn Enslow, alipata njia ya kukadiria klorini ya kutosha kwenye maji ya kunywa. Hesabu yake safari hii ilikuwa rahisi: kwa nini kiwanda kigombanie maji safi na wananchi, wakati jirani tu, Back River, jiji linamwaga maji yaliyokwisha kusafishwa?

Na yalikuwa yakisafishwa kwa nini? Kwa ajili ya chaza! Biashara ya chaza wa Ghuba ya Chesapeake ilikuwa kubwa, na watu waliogopa kinyesi cha jiji kingewaharibu. Kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 Baltimore ikajenga kituo, majitaka yakapitishwa juu ya mawe yenye bakteria wanaokula uchafu.

Mwaka 1942 bomba likaanza kazi. Kiwandani maji yaliwekwa shabu, ile ile ya kutuliza tope kwenye ndoo, kisha klorini. Si ya kunywa, ni ya kupoza. Baadaye yalifika zaidi ya galoni milioni 100 kwa siku, kama lita milioni 380.

Msidhani nawasifia sana. Kiwanda hicho hicho kiliacha sumu kwenye udongo na maji ya hapo, na mwaka 1997 serikali ikakibana kwa makubaliano ya mahakama kisafishe. Mwaka 2012 kikafungwa. Maji ya Back River yakapoteza mteja wake mkubwa, na kazi ya kuondoa sumu ikarithiwa na wengine.