Hemanjioma za Watoto: Safari ya Utambuzi na Tiba

Hemanjioma ya utotoni ni uvimbe usio wa saratani unaotokana na seli za kuta za mishipa midogo ya damu. Huonekana wiki chache baada ya kuzaliwa, zaidi kwa wasichana na watoto njiti. Hukua haraka kwa miezi mitano hivi, kisha husinyaa taratibu kwa miaka kadhaa. Kabla mwenendo huo haujafahamika, watoto wengi waliumizwa zaidi na tiba kuliko uvimbe wenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa Ulaya waliuchoma uvimbe huo, wakaugandisha kwa baridi kali, au wakaupiga mionzi ya radiamu. Kati ya 1920 na 1959, watoto zaidi ya 14,000 walitibiwa kwa mionzi katika hospitali ya Radiumhemmet, Stockholm. Walipofuatiliwa ukubwani, walionekana kupata saratani ya matiti na ya tezi ya shingo zaidi kuliko ilivyotarajiwa.

Njia nyingine ilikuwa imekwisha kuonyeshwa. Mwaka 1938, daktari Mwingereza W. A. Lister alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wenye alama za hemanjioma: zile zilizokua haraka zilinywea zenyewe. Polepole, kusubiri kukakubalika kuwa tiba. Kwa uvimbe wa hatari, steroidi zilianza kutumika miaka ya 1960.

Utambuzi nao ulikuwa na utata, kwani kila alama nyekundu iliitwa hemanjioma. Mwaka 1982, John Mulliken na Julie Glowacki wa Boston walitenganisha makundi mawili: uvimbe ambao seli zake huongezeka kisha hupungua, na kasoro za mishipa ambazo mtoto huzaliwa nazo na hazitoweki.

Mwaka 2008, Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux walieleza habari za mtoto mwenye hemanjioma puani aliyepata ugonjwa wa misuli ya moyo akiwa anatumia steroidi. Alipewa propranololi, dawa ya moyo. Kesho yake uvimbe ulikuwa umelainika, na wekundu wake mkali umegeuka zambarau. Dawa hiyo ndiyo sasa chaguo la kwanza.

Hemanjioma nyingi bado hazihitaji dawa. Lakini iliyo karibu na jicho, inayobana njia ya hewa au yenye kidonda haifai kusubiriwa: mtoto afikishwe kwa daktari katika wiki zake za mwanzo, kabla uvimbe haujakua.