Historia ya Ua katika Nchi ya Ruiru na Thika

Msomaji mpendwa, siku moja ukipata nafasi ya kusafiri kutoka Nairobi kwenda Thika, usilale garini. Ukishapita Ruiru, tazama dirishani, na uhesabu aina za nyua utakazoziona kando ya njia. Utaona ua wa mchongoma uliokatwa vizuri kama ukuta, ua wa mnyaa wenye utomvu mweupe, nguzo za miti zilizounganishwa kwa seng'enge, na kuta za mawe zenye nyaya nyembamba juu yake. Na katika shamba la mtu afugaye ng'ombe wa maziwa, huenda ukaona nyaya mbili au tatu tu, laini, hazina hata mwiba mmoja, na ng'ombe wamesimama mbali nazo kwa adabu. Huo ndio ua wa umeme.

Watu wengi hudhani ya kuwa historia imo katika vitabu na makumbusho peke yake. Lakini hata ua una historia, na anayejua kuusoma ataelewa ni nani aliyeikata nchi hii, kwa sababu gani, na kwa ruhusa ya nani. Ninakualika tuusome pamoja.

Tuanze zamani, kabla ya reli. Upande wa magharibi wa Ruiru na Thika, nchi hupanda taratibu kuelekea milima ya Nyandarua, nayo imegawanywa na mito kuwa migongo mirefu. Huko Wakikuyu walilima na kufuga. Upande wa mashariki nchi ni tambarare, yenye nyasi na wanyama wa porini, na Wamaasai walipitisha humo makundi yao kwa kufuata mvua na malisho. Katika siku hizo ng'ombe hakuzuiwa kwa ua wakati wa mchana. Aliyemzuia ni mvulana mwenye fimbo. Ua ulikuwa kazi yake usiku, nao ni zizi la matawi yenye miiba, ili chui na fisi wasiingie.

Je, mashamba hayakuwa na mipaka? Yalikuwa nayo. Wakikuyu walipanda mpakani ua liitwalo itoka, jamii ya yungiyungi, ambalo halifi upesi na halina miiba. Mbuzi angeweza kulipita bila kujua. Basi nguvu ya mpaka ule haikuwa katika mmea. Ilikuwa katika wazee waliosimama pale siku ya kuupanda wakashuhudia, na katika aibu ya mtu ambaye angethubutu kuung'oa. Likumbuke jambo hili, msomaji, maana tutalirudia.

Reli kutoka Mombasa ilifika mahali palipoitwa Nairobi mwaka 1899. Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 1902, serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya ardhi iliyoiwezesha kuwagawia wageni mashamba makubwa. Tambarare kati ya Ruiru na Thika zilichukuliwa mapema. Mmarekani mmoja tajiri, William Northrup McMillan, alijipatia shamba kubwa mno mahali paitwapo Juja, na Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifikia huko mwaka 1909 katika safari yake ya kuwinda. Mwaka 1913 reli ya tawi ilifika Thika, na mashamba ya kahawa na mkonge yakaongezeka.

Pamoja na mashamba hayo ilikuja seng'enge. Waya huu wenye miiba haukuzaliwa Afrika. Joseph Glidden, mkulima wa jimbo la Illinois, Marekani, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1874, na katika muda mfupi ukazifunga nyika za Marekani ambako hapo kwanza ng'ombe walizurura wapendavyo. Ulikuwa rahisi kusafirisha, rahisi kufunga, na mtu hakuhitaji kungoja miaka mitano mche ukue.

Ni haki tuseme kwamba mlowezi alikuwa na sababu za kweli za kutaka ua. Ng'ombe wake wa Ulaya walikuwa dhaifu mbele ya maradhi ya nchi hii, na hasa ndigana kali, ambayo huenezwa na kupe wa rangi ya kahawia wakaao masikioni mwa ng'ombe. Ng'ombe wa kienyeji, aliyezaliwa kati ya kupe hao, aghalabu huvumilia. Ng'ombe mgeni hufa. Basi mwenye ng'ombe wa thamani alitaka kundi lake lisichangamane na makundi mengine, akachimba josho, akazungusha seng'enge.

Lakini ua ule ule uliozuia kupe ulizuia pia watu. Njia za zamani za kwenda mtoni zilikatwa. Malisho ambayo babu aliyajua kwa jina yakawa mali ya mtu asiyemjua. Aliyetaka kuendelea kuishi na mbuzi wake katika shamba la mlowezi ilimbidi awe mfanyakazi wake, na sheria ya mwaka 1918 ilimtaka atoe kazi isiyopungua siku 180 kwa mwaka. Tofautisha basi, msomaji: itoka lilipandwa mbele ya majirani wa pande zote mbili, lakini seng'enge ilifungwa kwa ramani iliyochorwa ofisini. Mpaka wa kwanza uliheshimiwa. Wa pili uliogopwa tu.

Hapa kuna jambo la ajabu ambalo kila mtoto wa Ruiru yafaa alijue. Mapema katika karne ya 20, maji ya mto Ruiru yalitumiwa kuzalisha umeme wa kuwashia taa za Nairobi. Mwaka 1922 kampuni ya umeme ya Nairobi iliunganishwa na ile ya Mombasa, na katika miaka ya 1920 kituo kingine kilijengwa Ndula, katika mto Thika. Hivyo nchi hii ilikuwa miongoni mwa za kwanza katika Kenya kutoa umeme. Hata hivyo nyaya zilipita juu ya vichwa vya watu wa vijijini kwenda mjini, nao wakaendelea kusoma kwa kibatari kwa miaka mingi. Kuishi karibu na kisima si kunywa maji yake.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Kuanzia mwaka 1954 kiasi cha watu milioni moja katika nchi ya Wakikuyu na jirani zao waliondolewa katika nyumba zao zilizotawanyika, wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa. Vijiji vingi vilizungushiwa handaki na seng'enge, na mlango ulifunguliwa na kufungwa kwa saa zilizowekwa. Fikiri maana yake. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya ng'ombe kiligeuzwa kikawafunga wanadamu. Wazee waliokuwa watoto wakati ule hawakuisahau sauti ya lango lile jioni.

Katika mwaka ule ule wa 1954 ulitolewa mpango wa kilimo ulioitwa kwa jina la mtungaji wake, Roger Swynnerton. Vipande vya shamba vya mtu mmoja vilivyotawanyika viliunganishwa kuwa shamba moja, mwenyewe akapewa hati, na wakulima wa Kiafrika wakaruhusiwa kwa wingi zaidi kupanda kahawa na kufuga ng'ombe wa gredi. Wako waliopata, na wako waliopoteza, hasa waliokuwa kizuizini au msituni wakati mipaka ilipopimwa. Baada ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na vyama na makampuni ya wananchi, yakagawanywa. Kila mwenye ekari zake mbili alipanda mchongoma au mnyaa, na ng'ombe mmoja wa maziwa akawa karo ya shule.

Sasa tuufikie ua wa umeme wenyewe. Chimbuko lake kubwa ni New Zealand, nchi ya kondoo na ng'ombe. Huko, katika miaka ya 1930, Bill Gallagher wa mji wa Hamilton alitengeneza chombo cha kutia umeme katika waya. Na mapema katika miaka ya 1960 Doug Phillips, mtafiti wa kituo cha Ruakura, alivumbua namna iliyowezesha ua kufanya kazi hata majani yakiugusa. Tangu hapo ua huo ulienea duniani.

Namna ufanyavyo kazi ni rahisi kueleza. Kuna kisanduku kiitwacho enajaiza, ambacho hupata nguvu kutoka kwa betri, paneli ya jua, au umeme wa nyumbani. Kisanduku hakimwagi umeme mfululizo. Hutoa pigo moja kila baada ya sekunde moja hivi. Pigo lenye volti elfu kadhaa, lakini la muda mfupi mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Waya hushikwa na vihami ili umeme usitorokee katika nguzo. Ng'ombe akiugusa, umeme hupita mwilini mwake, hushuka kwa kwato hadi ardhini, na kurudi kwenye kisanduku kupitia fito za chuma zilizopigwa chini. Huumia, hushtuka, lakini hafi.

Kwa hiyo ardhi yenyewe ni nusu ya ua. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, na tambarare za Juja hupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mtu akipiga fito moja fupi mahali pakavu, atakuwa amefunga kamba ya kuanikia nguo. Sharti fito ziwe ndefu, ziwe kadhaa, na zipigwe mahali penye unyevu. Kadhalika majani yafyekwe chini ya waya, na mnyama afundishwe kwanza katika kiwanja kidogo, aguse mara moja na akumbuke.

Neno hilo, akumbuke, lina uzito. Nyaya mbili nyembamba haziwezi kumzuia fahali aliyekata shauri kupita. Anayemzuia ni kumbukumbu yake. Kwa hiyo ua huu wa kisasa kuliko zote unafanana kidogo na itoka la kale: nguvu yake haimo katika unene wake.

Lakini wako wanaoudhania kuwa silaha. Katika kijiji kimoja karibu na Thika palikuwa na mzee aliyeibiwa ng'ombe mara mbili. Kwa hasira hakununua enajaiza. Alichukua waya wa nyumbani, akauunga moja kwa moja na seng'enge yake. Umeme wa nyumbani haupigi na kuacha. Hushika, wala hauachii. Asubuhi alimkuta mtamba wake mwenyewe amekufa uani, na hatua chache kutoka hapo ndipo watoto wa jirani walipopitia kila siku kwenda mtoni. Nilikwenda kumpa pole. Aliniambia, "Mwalimu, nilimtegea mwizi."

Nikamjibu, "Mzee, waya haujui mwizi ni nani."

Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Wala mtoto." Siku ile ile aliukata, na jioni alizunguka kwa majirani wote akawaeleza alichokuwa amefanya.

Hakuna sheria ya fizikia inayoweza kuondoa wajibu huu: mwenye ua wa umeme atumie chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, aweke vibao vya kuonya, na awaambie majirani zake kabla ya kuuwasha.

Kama wadhani hayo ni madogo, inua macho uitazame milima ya Nyandarua, ambako mito ya Chania na Thika huanzia. Mwaka 1989 shirika la Rhino Ark lilianza kujenga huko ua wa umeme, kwa nia ya kuwalinda vifaru na kuwazuia ndovu wasiharibu mashamba. Kazi ilichukua miaka 20; ua ulipomalizika mwaka 2009 ulikuwa na urefu wa kiasi cha kilomita 400. Ua mrefu namna hiyo hauwezi kulindwa na askari peke yao. Hudumu kwa sababu mkulima wa upande huu anajua faida yake: shamba halikanyagwi, msitu haukatwi ovyo, na maji hushuka hadi Thika. Siku atakapoona kwamba hauna faida kwake, utakatwa kwa koleo la shilingi chache.

Basi, msomaji, tumesoma kurasa nne: itoka, seng'enge ya mlowezi, seng'enge ya kijiji cha Hali ya Hatari, na waya wa umeme. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kujenga ua ni rahisi. Kuishi nao pamoja na majirani ndiyo kazi. Siku utakapokuwa na shamba lako, na Mungu akijalia ng'ombe pia, kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza, mwite jirani aje asimame nawe mpakani.